Maji Asilia kwa Miche Mitano

Nchi ninayotaka kuwaeleza habari zake haimo kwenye ramani. Atakayeitafuta akaikosa asinilaumu mimi. Ofisi ya ramani iko ghorofa ya nne, lifti iliharibika siku ile ile ya kuzinduliwa, na wachoraji wenyewe wamezeeka, hawapandi ngazi tena. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo, ina ziwa kubwa ambalo ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, na ina mabomba yanayopita mbele ya kila nyumba. Mabomba ni mazuri sana. Watu huanika nguo juu yake.

Mimi ni Karani Msaidizi katika Ofisi ya Maji, kituo cha ufukweni. Nimekalia kiti hicho hicho miaka kumi na tisa. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ni kwa kuchoka. Nimepokea mawaziri kumi na mmoja wa maji, na kila mmoja alipofika alilitazama ziwa kwa mshangao, kana kwamba tulikuwa tumelificha siku zote.

Kwanza nieleze namna serikali yetu inavyofanya kazi, maana ni serikali yenye bidii. Nchi nyingine, nasikia, sheria huandikwa kwanza, kisha viongozi wakaisoma. Kwetu kiongozi husimama jukwaani, hupaza sauti, na lolote litakalomtoka mbele ya kipaza sauti huitwa tamko. Jumatatu asubuhi wanasheria wa wizara hukaa na kinasa sauti, wakaliandika tamko neno kwa neno, likawa kanuni. Hawaruhusiwi kupunguza kitu. Ndiyo maana tunayo kanuni moja inayosema "oyee" mara tatu, na nyingine, ya uvuvi, ambayo katikati yake mheshimiwa anakohoa. Kikohozi kimo, kifungu cha saba.

*

Sasa tuje kwenye bangi. Kwa miaka mingi bangi ilikuwa adui wa taifa. Waziri wa Mimea, Mheshimiwa Profesa Lubango, aliichoma kwa mikono yake mara mbili kila mwaka mbele ya wapiga picha, akisimama upande ule moshi unakoelekea, na wasaidizi wake waligombania kusimama karibu naye. Watu walifungwa miaka kwa kukutwa na kiasi cha kujaza kibiriti. Kisha wakaja wageni waliovaa tai, wakakaa hotelini siku tatu, wakaondoka. Siku ya nne Mheshimiwa Lubango akapanda jukwaani pale ufukweni.

"Ndugu wananchi! Bangi ni dawa! Na mimi nimekuwa nikisema hivyo siku zote!"

Tukapiga makofi. Baadhi ya waliopiga makofi walikuwa wametoka gerezani wiki ile.

"Kuanzia leo, kila nyumba yenye mgonjwa wa maumivu makali ina haki ya kupanda miche mitano. Mitano tu! Miche ya nyumbani, ipandwe nyumbani, ikulie nyumbani, isitoke nje ya nyumba! Na haitanyweshwa maji ya bomba yenye madawa madawa, hapana! Itanyweshwa maji asilia ya ziwa letu tuliloachiwa na mababu!"

Hayo ya ziwa aliyasema kwa sababu ziwa lilikuwa nyuma yake na siku hiyo lilipendeza. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nilimwona akigeuka kulitazama kabla hajalitaja. Ilipofika Jumatatu ikawa kanuni: miche mitano, isiondoke nyumbani, inyweshwe maji asilia ya ziwa, na maji mengine yoyote ni kosa.

Ukuta wa jiko langu ndio ukuta wa chumba cha Mzee Mhoja. Mhoja alikuwa mwashi, amejenga nusu ya mji huu, pamoja na ofisi ninayokaa. Alinijengea na ukuta wenyewe, akakataa malipo, akasema tangu leo sisi ni ndugu. Ndiyo maana mkewe, Bi Kalunde, huniita shemeji, nami namwita vivyo hivyo. Saratani ilimwingia Mhoja kwenye mifupa ya mgongo. Daktari wa zahanati hakuzungusha maneno. Alimwambia Bi Kalunde kwamba dawa za maumivu hazijaletwa tangu mwaka juzi, na hospitali kuu iko mwendo wa siku mbili ambao mgongo ule hauwezi kuuvumilia. Labda ajaribu haya majani ambayo serikali imeruhusu.

"Hayatamponya, mama," daktari alisema. "Yatampa usingizi."

"Usingizi tu?"

"Usingizi tu."

"Basi mimi ndicho ninachokitafuta," Bi Kalunde akajibu.

Akapanga foleni Wizara ya Mimea, akapewa mbegu tano ndani ya bahasha yenye mihuri sita. Akazipanda kwenye madebe matano uani. Zote zikaota.

*

Kamishna wa Ziwa, Mheshimiwa Rwegoshora, alikasirika sana kusikia ziwa lake limetajwa jukwaani na mtu wa wizara nyingine. Siku kumi baadaye akaitisha mkutano wake mwenyewe, mahali pale pale, jukwaa likiwa limeinuliwa nusu mita kulipita la Lubango.

"Ziwa hili lina mwenyewe!" alinguruma. "Hakuna tone, narudia, hakuna tone litakalotoka humu kwenda kwenye bangi bila mimi kulijua!"

Jumatatu bosi wangu akaniita.

"Karani, umesikia. Kamishna lazima alijue kila tone."

"Alijueje, bosi?"

"Kwa macho yake. Kanuni imesema 'mimi'. Haikusema mwakilishi wangu."

Ofisi ya Kamishna iko mji mkuu. Kwa hiyo tukapanga utaratibu. Mwananchi atachota maji ziwani mbele yangu, atayatia kwenye dumu, nitalifunga kwa lakiri na kulibandika jina lake. Dumu litapakiwa kwenye lori hadi mji mkuu, Kamishna atalitazama na kutikisa kichwa kukubali, kisha litarudi. Wiki ya kwanza tulipeleka madumu mia mbili na arobaini. Kamishna hakuwepo. Alikuwa ng'ambo, akitoa hotuba kwenye kongamano la nchi zisizo na maji. Madumu yakapangwa kwenye korido, na watumishi wa ofisi ile wakawa wanapita kwa ubavu.

Maji ya kunywa na ya kupikia watu waliendelea kuchota kama zamani. Hakuna askari anayetaka kumnyima mama yake maji. Lakini maji ya bangi yalikuwa na kanuni mbili, na kitu chenye kanuni mbili huangaliwa na watu wengi.

Dumu la Bi Kalunde lilirudi baada ya siku kumi na sita, likiwa nusu, na karatasi imebandikwa: "Limejulikana." Nusu nyingine walikuwa wamechemshia chai. Iliyobaki ilikuwa imeota ukijani, na mkaguzi wa Wizara ya Mimea alipoinusa akasema maji yaliyokaa korido hayawezi kuitwa asilia. Akayamwaga mwenyewe barabarani, hatua nne kutoka kwenye miche.

Siku hiyo Bi Kalunde akaja dirishani kwangu.

"Shemeji, miche inakuwa ya njano. Ziwa naliona nikiwa jikoni. Nifanyeje?"

"Jaza fomu, shemeji."

"Nimejaza."

"Basi subiri."

"Mimi naweza kusubiri. Mhoja asubiri kwa mgongo upi?"

Nikampa fomu nyingine.

*

Bi Kalunde si mtu wa kulia. Kesho yake asubuhi alilitoa toroli la mumewe, lile alilokuwa akibebea zege, akapanga madebe matano ndani yake, akalisukuma hadi ufukweni. Akaingia majini mpaka magotini, akalishusha debe moja moja, miche ikanywa mpaka ikatosheka. Kisha akapakia, akaanza kurudi.

Askari wa ufuko, Koplo Nyanda, akamsimamisha.

"Mama, maji hayatoki ziwani bila Kamishna."

"Umeniona na ndoo?"

"Sijaona."

"Mimi sijatoa maji. Nimeleta miche kunywa, kama mnavyoleta ng'ombe wenu."

Koplo alifikiri mpaka jasho likamtoka, kisha akafanya anachofanya kila askari wetu anapofikiri: akaandika ripoti. Ripoti ikafika wizara zote mbili. Wa Ziwa wakasema udongo ulikwenda mkavu ukarudi umelowa, huo ni utoroshaji. Wa Mimea wakasema miche imetoka nje ya nyumba, kwa hiyo si ya nyumbani tena. Ikaundwa kamati ya watu tisa, nami nikateuliwa kuandika mihutasari, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

"Bi Kalunde," mwenyekiti akaanza, amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, "unakiri kwamba udongo ulirudi umelowa?"

"Nakiri."

"Huoni kwamba umetorosha maji ya taifa?"

"Hata mimi nilikwenda na kiu, nikainama nikanywa, nikarudi sina kiu. Mnipime na mimi."

Kikao kikaahirishwa kwa saa mbili. Kupitia mlangoni nilisikia mjumbe mmoja akiuliza kwa hofu habari za samaki. Waliporudi walitoa uamuzi: maji yaliyomo ndani ya raia yatahesabiwa kuwa maji yaliyo safarini, na suala lake litaundiwa kamati nyingine. Kuhusu miche, ilionekana ndiyo iliyotoka nyumbani na ndiyo iliyokunywa, kwa hiyo ionywe kwa maandishi, kila mche na barua yake. Barua nilizipeleka mimi. Nilisimama uani nikazisoma moja baada ya nyingine mbele ya madebe, kama nilivyoagizwa. Ya tatu ilikuwa na onyo kali kupita zote. Mpaka leo sijui mche ule ulifanya nini.

Mhoja alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini. Alicheka mpaka mgongo ukamkata, na uso wake ukabadilika, na mimi nikakunja karatasi zangu nikaondoka.

*

Kilichotuokoa ni mvua. Kamishna Rwegoshora alikuwa amerudi kutoka ng'ambo, anahutubia, wingu likapasuka, na wananchi wakaanza kutimua mbio. Kamishna hapendi kukimbiwa.

"Msiikimbie mvua!" alipiga kelele chini ya miavuli minne. "Mvua hii naijua! Ni maji ya ziwa letu yanarudi nyumbani!"

Jumatatu bosi wangu alikaribia kulia kwa furaha. Kwa tamko moja mvua ilikuwa maji ya ziwa, ilikuwa imejulikana na Kamishna mwenyewe, na ilikuwa inafika nyumbani bila mche kusogea. Wizara ya Mimea ikaongeza kwamba ni asilia, kwa kuwa haijapita korido. Pongezi zikatumwa pande zote. Ofisi yetu ilidai cheti cha mchango wa pekee, ikapewa.

Mvua ilinyesha wiki sita. Miche ikanyanyuka kutoka kwenye njano yake, ikafika usawa wa dirisha, ikajaa. Kila alasiri mvua ikikatika, Bi Kalunde alimtoa mumewe uani, naye alilala kwa ubavu akiitazama.

"Karani," aliniita siku moja kutoka upande wa pili wa ukuta, "nimejenga nyumba arobaini na kitu. Sijawahi kusimamia kitu kinachopanda taratibu hivi."

"Vumilia, ndugu yangu. Kimebaki kidogo."

"Navumilia. Nikipata usingizi wa siku moja kamili, wa mtu mwenye afya, naweza kuondoka. Sidai zaidi."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza mchanga. Nikamwambia atalala. Niliamini kabisa, na ndilo linalonichosha kuliko yote.

*

Siku ya mavuno Bi Kalunde alivuna kwa mikono yake, akaanika chini ya bati, na majani yalipokauka akatoa taarifa, kama kanuni inavyotaka. Angeweza kukaa kimya. Hakukaa kimya kwa sababu jina la Mhoja lilikuwa kwenye orodha ya wagonjwa, na anayefutwa kwenye orodha harudi.

Mheshimiwa Lubango alikuwa amekwisha kusema jukwaani, "Serikali itajiridhisha!" Kwa hiyo kila ofisi inayohusika ilitakiwa kujiridhisha kwa kuchukua sampuli. Walikuja Mimea, na mzani. Walikuja Afya, bila mzani. Walikuja Polisi na gunia. Forodha walikuja kwa kuwa nchi ina mipaka, na Michezo walikuja kwa kuwa hawakutaka kuachwa. Utamaduni walichukua, wakaenda, wakarudi saa hiyo hiyo wakisema hawajaridhika, wakaongezewa. Ya saba ilikuwa Maji, ili kuthibitisha kwamba maji yaliyomo ndani ya majani ni yale Kamishna aliyoyajua.

Maji ni mimi. Nilipofika, ungo ulikuwa umebaki na konzi mbili.

Kanuni inataka kwanza isomwe, msomaji akiwa amesimama. Nikasimama, nikasoma: sampuli ikishachukuliwa ni mali ya serikali, na raia atakayekutwa nayo bila kibali cha kurejeshewa atafutiwa haki ya miche, na mgonjwa wake ataondolewa kwenye orodha. Bi Kalunde alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unachukua kiasi gani, shemeji?"

"Gramu hamsini."

Nikapima. Zilikuwa arobaini na nane. Nikaandika kwenye fomu: pungufu gramu mbili, mhusika ameelezwa. Nikazifunga kwenye karatasi ya kaki, nikaiweka mkobani. Aligeuza ungo akaugonga kwa kiganja, kama mtu aliyemaliza kupepeta mchele, akaingia ndani. Mashina yalibaki uani, maana kanuni haikuyataja. Jioni ile aliyachemsha, akampa Mhoja maji yake. Mhoja alikunywa yote, akamshukuru, na hakulala.

Juma lililofuata lilikuwa juma tulivu kupita yote katika utumishi wangu. Ofisi sita zilifunga milango kwa ajili ya kujiridhisha. Wizara ya Mimea ilitoa taarifa yake ya mwaka, ukurasa mmoja, wenye picha ya samaki aliyevaa tai. Forodha walifunga mpaka wa nchi, wakaenda kula, wakasahau kuufungua. Koplo Nyanda alionekana akilipigia ziwa saluti, muda mrefu, kwa unyenyekevu. Hakuna tamko hata moja lililotolewa siku saba nzima, na wananchi waliokuja na shida zao walikuta watumishi wakiwatabasamia na kuwauliza majina ya watoto wao.

*

Sampuli ya ofisi yangu haikutumika. Hatuna kifaa cha kupimia maji ndani ya jani, tuna rula. Niliandika barua ya kuomba maelekezo, sikujibiwa, nikaandika ya pili. Karatasi ya kaki ikakaa kwenye droo yangu, chini ya fomu.

Jumamosi mchana nilikuwa jikoni nasonga ugali. Mhoja akaanza kuugulia upande wa pili wa ukuta. Hakuwa akipiga kelele, kelele zilikuwa zimemwisha. Ilikuwa sauti ndogo inayokwenda na kurudi, haipumziki, nami nilikuwa naisikia mwiko ukiwa mkononi mwangu. Niseme wazi: niliona haya. Niliona haya mpaka nikauacha ugali motoni ukaungua. Nikaenda ofisini, nikafungua droo, nikatia karatasi ile ndani ya shati, nikarudi nikagonga kwa Bi Kalunde.

"Karibu, shemeji."

"Sikai. Nimekuletea hii."

Aliitambua kabla sijaitoa yote. Mikono yake ilinyanyuka, kisha akairudisha ndani ya kanga.

"Kibali kiko wapi?"

"Hakuna kibali. Nimeichukua tu mwenyewe. Pokea, umchemshie."

"Na ofisini wakiuliza ilikokwenda?"

Nikamsogezea karatasi.

"Watakuja hapa," alisema, bila hasira, kama mtu anayenisomea fomu. "Kila mtu anajua ni ya nani. Watamfuta. Jana nimepewa mbegu nyingine tano, shemeji. Wakimfuta, sina hata za kungojea."

"Hakuna atakayejua."

"Wewe ndiye uliyenisomea."

Sauti ya Mhoja ilikuwa inatoka chumbani, ile ile, inakwenda na kurudi. Bi Kalunde aliigeukia, kisha akanisogelea.

"Niandikie basi. Kalamu unayo hapo mfukoni. Andika 'imerejeshwa', tia jina lako na saini, mimi napokea sasa hivi. Sufuria liko motoni."

Nilishika kalamu. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika barua za kutiwa saini na wengine. Saini yangu haimo kwenye karatasi yoyote ya nchi hii isipokuwa ile ya kupokea kiti. Ningeandika, wangemfuata mwenye saini, si mgonjwa. Kimebaki kipindi kidogo nistaafu. Nilifikiri hayo yote nikiwa nimesimama pale mlangoni, na sikuona haraka hata kidogo, kana kwamba nilikuwa na mchana mzima.

"Nitaulizia ofisini," nikasema.

Alinitazama kidogo.

"Haya," akasema.

"Kalunde," Mhoja aliita kutoka ndani, kwa taabu, "nani huyo?"

"Mtu wa Maji," akamjibu, akafunga mlango taratibu, kwa sababu ukibamizwa unamuumiza mgongo.